Mkono Unaoshika Kipigio: Ushauri kwa Wanaopiga Mahadhi ya Kiayalandi kwa Mandolini

Wengi wanaoanza kupiga mahadhi ya kiasili ya Ireland kwa mandolini, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa dogo, huhangaikia vidole vya mkono wa kushoto, ilhali huko ndiko kwenye kazi nyepesi. Mandolini hufungwa sauti zilezile za fidla, yaani G, D, A na E, na sehemu kubwa ya mahadhi haya hayashuki chini ya D, kwa sababu ndiyo nota ya chini kabisa ya filimbi na zumari za mifuko za Kiayalandi. Hayapandi sana pia: ukienda hadi freti ya saba ya uzi wa E (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya chombo) umefika B ya juu, na ni mara chache utatakiwa kuipita. Kwa hiyo nyuzi tatu na freti saba zinakutosha kwa miaka mingi ya furaha.

Ugumu uko kwa mkono mwingine, ule unaoshika kile kipande kidogo cha plastiki ambacho hapa nitakiita kipigio. Mpiga fidla ana upinde wa kuivuta nota apendavyo, na mpiga filimbi ana pumzi. Nota ya mandolini huanza kufa mara tu inapopigwa. Wapigaji wa Kiitalia huliziba pengo hilo kwa kuutetemesha uzi mfululizo, na katika muziki wao inapendeza mno. Katika muziki wa dansi wa Ireland, hata hivyo, mtetemesho huo hulifuta pigo ambalo mchezaji analisubiri kwa miguu yake, na ndiyo maana ninamshauri kila mwanafunzi auweke kando. Pengo lililobaki lizibwe kwa uzito: kujua ni nota ipi inastahili pigo zito, na ipi ipite kwa wepesi bila kupotea.

Chukua jigi, aina moja ya dansi za Ireland, ambayo huandikwa 6/8. Kila kipimo cha muziki kina mapigo mawili makubwa, na kila pigo lina nota tatu. Kipigio kishuke, kipande, kishuke. Kisha kianze tena kwa kushuka, kipande, kishuke. Nota ya tatu na ya nne zote zinashuka, na hapo mkono wa anayeanza hugoma, kwa kuwa umezoea kupokezana juu na chini. Tafadhali usiukubalie. Ukipokezana tu, kundi la pili litaanza kwa kupanda, pigo lake kubwa litakuwa hafifu, na jigi itakosa ule mdundo unaomwinua mtu kitini. Mimi huwapa wanafunzi uzi mmoja usiobanwa, kwa kawaida A, waupige hivyo taratibu huku mguu ukigonga sakafu kwenye nota ya kwanza na ya nne, na mkono wa kushoto haugusi chochote mpaka mwendo huo uwe wa mwili wenyewe. Slipu jigi, ndugu yake wa 9/8, hufuata utaratibu huohuo kwa makundi matatu, kwa hiyo anayeimudu jigi anayo tayari.

Rili, aina nyingine ya dansi, ni rahisi zaidi kwa kipigio, maana hapo kupokezana ndiko sahihi. Utamu wake umo katika mapambo. Mpiga fidla au filimbi huizungusha nota ndefu kwa kuigusisha nota jirani za juu na za chini, lakini kwenye mandolini sauti hufifia kabla mzunguko haujatimia. Sisi huweka badala yake mapigo matatu ya haraka kwenye nota moja, chini-juu-chini, katika nafasi ya nota ndefu. Siri yake ni ulegevu: kifundo cha mkono kikikaza, mapigo hayo husikika kama mkwaruzo. Shika kipigio kiasi kwamba mtu angeweza kukichomoa bila shida, na uache ncha ndogo tu iuguse uzi. Tumia mapambo hayo kwa uchache. Rili iliyopambwa kila mahali huchosha, hata ikipigwa na fundi.

Ukitaka sauti nzito zaidi, ndugu za mandolini wapo. Banjo ya “tenor”, iliyoshushwa oktava moja chini ya mandolini, ilipata nafasi yake katika muziki huu zaidi ya yote kwa mkono wa Barney McKenna wa kundi la The Dubliners, na yote niliyoyasema kuhusu kipigio yanafaa huko. Kwenye mandolini ya oktava, ile kubwa ya sauti ya chini, freti ziko mbali zaidi, kwa hiyo mtindo wa fidla wa kidole kimoja kuhudumia freti mbili utakuumiza mkono. Panga vidole kama mpiga gitaa. Buzuki, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu ambacho mwanamuziki Johnny Moynihan alikileta kutoka muziki wa Kigiriki katikati ya miaka ya 1960, kwa kawaida hufungwa G, D, A, D, na hufaa zaidi kusindikiza. Msikilize Dónal Lunny akiwa na Andy Irvine katika kundi la Planxty, lililoanza mwaka 1972, uone jinsi vyombo viwili vya ukoo huu vinavyoweza kusukana bila kukanyagana.

Jambo la mwisho linahusu kukaa na wenzako. Katika mkusanyiko wa wapigaji, iwe Dublin au County Clare, wote hupiga mahadhi mamoja kwa pamoja, kila sehemu ikirudiwa mara mbili, na mara nyingi yote huzungushwa mara tatu kabla ya kuunganishwa na mengine. Mandolini ni chombo cha sauti ndogo, na anayejikaza asikike juu ya fidla nne atapoteza ulegevu wote alioujenga. Kaa karibu na mpiga fidla mmoja, utazame upinde wake unapobadilisha upande, na upige kwa kiwango ambacho bado unamsikia yeye. Usiyoyajua, yasikilize mzunguko wote wa kwanza huku ukigonga mguu. Katika mzunguko wa pili weka nota za mapigo makubwa pekee, kwa kushuka, na nyingine zitajipanga kati yake katika mikusanyiko itakayofuata.