Kuoanisha Kichwa cha Tripodi na Miguu Yake: Hesi, Urefu wa Skrubu na Uso wa Kukalia

Anayenunua kichwa cha tripodi, yaani sehemu ya juu inayoshika kamera, peke yake ili akifunge juu ya miguu aliyonayo tayari huuliza kwanza kama skrubu itaingia. Swali hilo ni la lazima, lakini kwa uzoefu wangu wa kuunganisha vichwa na miguu ya watengenezaji tofauti, skrubu inaweza kuingia bila tatizo lolote na kiungo kikabaki dhaifu. Kazi ya skrubu ni kuvuta vipande viwili vishikane. Kinachobeba mzigo na kuzuia mtikisiko ni uso wa chini wa kichwa unapolala sawasawa juu ya sahani ya miguu, yaani bapa lililo juu kabisa ya miguu. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na jambo hilo.

Kuhusu hesi zenyewe, yaani meno ya mzunguko ya skrubu na ya tundu, vifaa vya kupigia picha hutumia vipimo viwili vilivyowekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1222. Kipimo cha kwanza ni inchi 1/4 yenye meno 20 kwa kila inchi, ambayo kipenyo chake ni milimita 6.35, cha pili ni inchi 3/8 yenye meno 16 kwa kila inchi, ambayo kipenyo chake ni milimita 9.525. Tundu lililo chini ya kamera kwa kawaida ni la 1/4, ilhali tundu lililo chini ya kichwa cha ukubwa wa wastani au kikubwa huwa la 3/8, na vichwa vidogo vya tripodi za mezani mara nyingi huwa na la 1/4. Miguu kwa upande wake hubeba skrubu dume, yaani inayochomoza na kuingia tunduni, katikati ya sahani ya juu, na katika miundo mingi skrubu hiyo hugeuzwa, upande mmoja ukiwa wa 3/8 na mwingine wa 1/4. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua adapta yoyote, ifungue skrubu hiyo uitazame ncha yake ya chini, kwa maana huenda unachokitafuta kimo ndani ya miguu yako tayari.

Tahadhari kubwa ni kwa hesi za milimita. Skrubu ya M6 hufanana kwa macho na ya 1/4, na ya M10 hufanana na ya 3/8, lakini si sawa hata kidogo. M6 ina kipenyo cha milimita 6 na umbali wa milimita 1 kati ya jino na jino, ilhali katika 1/4 umbali huo ni milimita 1.27, kwa hiyo M6 huanza kuingia katika tundu la 1/4 kana kwamba ni mahali pake, kisha hulegalega au hukwama, na anayeendelea kuilazimisha hula meno ya alumini yaliyo ndani ya tundu. M10 nayo ni nene kuliko 3/8, na umbali kati ya meno yake ni milimita 1.5 badala ya takriban 1.59. Kama huna kalipa ya kupimia, lalisha skrubu unayoijua kando ya ile usiyoijua, meno yakiingiliana, kisha uinue zote mbili kwenye mwanga: zikiwa za aina moja hakutakuwa na mwanya kwa urefu wote, na zikiwa tofauti mwanya huonekana baada ya meno machache. Vifaa vya zamani vya Uingereza vinaweza kuwa na hesi za Whitworth, ambazo kwa vipimo hivi viwili zina idadi ileile ya meno kwa inchi ila pembe ya jino ni nyuzi 55 badala ya 60. Katika matumizi ya kamera hizo hupokeana vizuri, mradi ukaze kwa mkono na si kwa spana.

Pale ambapo kichwa kina tundu la 3/8 na miguu ina skrubu ya 1/4 pekee, suluhisho la kawaida ni bushi ya kupunguzia, yenye hesi za 3/8 kwa nje na za 1/4 kwa ndani. Naikubali bushi, lakini kwa sharti moja: izame kabisa ndani ya tundu, ipitwe kidogo na uso wa kichwa. Bushi ikijitokeza hata kwa unene wa karatasi, kichwa kizima kitakuwa kimekalia kiduara chembamba cha shaba badala ya sahani, na hakuna ukazaji utakaoondoa mtikisiko huo. Kwa mzigo mzito, kama vile lenzi ndefu, napendelea kutafuta skrubu ya 3/8 kuliko kutegemea bushi.

Urefu wa skrubu dume husahaulika kuliko yote. Ikiwa ndefu kuliko kina cha tundu, ncha yake hugonga mwisho wa tundu kabla nyuso mbili hazijakutana, na mkono utahisi kwamba kichwa kimekaza ilhali kinaning'inia juu ya skrubu peke yake. Pima kina cha tundu kwa njiti, linganisha na urefu wa skrubu, kisha baada ya kufunga pitisha ukingo wa karatasi kati ya kichwa na sahani. Ukipenya, nyuso hazijagusana. Kipete cha chuma kiitwacho washa, kipana na bapa, kinacholingana na sahani, hurekebisha kasoro hiyo. Skrubu fupi kupita kiasi ni hatari zaidi, kwa sababu meno machache ndiyo yanayobeba kila kitu, na kwa hali hiyo nashauri ibadilishwe.

Linganisha pia upana wa sahani na upana wa kitako cha kichwa. Chini ya sahani za miguu mingi mizuri kuna skrubu ndogo, mara nyingi tatu, zinazosukuma kitako cha kichwa kwa juu ili kisijifungue. Umuhimu wake huonekana unapozungusha kamera kuelekea kushoto: ikiwa mzunguko wa kichwa ni mzito, kichwa chote huanza kujifungua kutoka kwenye hesi, polepole na bila dalili. Kitako kikiwa chembamba mno, skrubu hizo hazikifikii. Zirudishe chini kabla ya kufunga kichwa, kikaze kichwa, kisha zikaze moja baada ya nyingine kidogo kidogo.

Kwa mantiki hiyohiyo, stendi ya maikrofoni yenye hesi za 3/8 itapokea kichwa cha kamera, lakini haina sahani ya kukikalisha, kwa hiyo siitumii kwa kamera yenye uzito wowote. Vichwa vya video vyenye kitako cha nusu tufe, cha milimita 75 au 100, havifungwi kwenye sahani bapa. Vinahitaji miguu yenye bakuli la kipimo hichohicho.

Kichwa kikigoma kutoka, legeza kwanza zile skrubu ndogo za chini, kisha funga kabisa kitasa cha mzunguko ili nguvu ya mkono ifike kwenye hesi badala ya kuzungusha sehemu ya juu peke yake. Shika kitako chenyewe, si mpini, ukikizungushia utepe wa mpira ili mkono usiteleze, na ukizungushe kinyume cha saa. Bushi ikitoka pamoja na skrubu, irudishe kwa tone moja la gundi ya kuzuia hesi zisilegee, ya nguvu ya wastani, ambayo huachia kwa bisibisi. Ile ya kudumu isikaribie kiungo hiki.