Moyo umejaa damu, sasa unakosaje damu?

Mkuu, umeuliza maswali mawili. La kwanza: kama damu yote ya mwili inapita ndani ya moyo, inakuwaje mtu aambiwe moyo wake haupati damu ya kutosha? La pili: damu ya miguuni inapandaje kurudi juu? Mimi ni muuguzi, na nimekaa wodi ya wagonjwa wa moyo muda mrefu. Hilo la kwanza ndugu wa wagonjwa hutuuliza mara kwa mara, na wengi hawaridhiki na jibu la mkato.

Mchangiaji wa hapo juu kasema moyo unajichotea kwenye damu inayopita. Hapana. Ukuta wa ventrikali ya kushoto, ile inayosukuma damu mwili mzima, una unene wa karibu sentimita 1, nao ni msuli mtupu. Oksijeni haiwezi kupenya umbali huo kutoka ndani. Damu iliyomo kwenye vyumba vya moyo iko safarini tu, na mbeba ndoo kichwani naye hushikwa na kiu. Msuli wa moyo una mishipa yake. Aorta, ule mshipa mkuu unaobeba damu kutoka moyoni, ikishatoka tu kwenye moyo, juu kidogo ya vali (mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja), kabla haijagawia kiungo kingine chochote, inatoa ateri (mishipa ya kupeleka damu) mbili nyembamba zinazogeuka kuuzunguka moyo wenyewe na kuchipua matawi. Hizo ndizo zikijaa mafuta na kusinyaa tunasema moyo haupati damu, hata kama ndani umefurika.

Sasa kuna jambo ambalo wengi halijawafikia. Viungo vingine hupata damu nyingi pale moyo unapojikunja na kusukuma. Moyo wenyewe, hasa upande wa kushoto, hupata ya kwake unapolegea. Ukijikunja unaiminya mishipa yake mwenyewe. Mtu aliyetulia mapigo yake yakiwa 70 kwa dakika, kila pigo linachukua kama sekunde 0.85: karibu 0.3 za kujikunja, zilizobaki za kulegea na kula. Mapigo yakipanda hadi 170, pigo zima halifiki hata sekunde 0.4, na muda unaokatwa zaidi ni ule wa kulegea. Kazi inaongezeka huku muda wa kula ukipungua.

Hili naliona kwenye monita. Mgonjwa mapigo yanamkimbia ghafla, namba zinaruka, yeye anashika kifua na kusema kinabana. Pengine mishipa yake haijaziba kabisa. Mapigo yakishushwa kwa dawa, kifua kinaachia. Kwa hiyo ukiona daktari anampa mgonjwa wa moyo dawa ya kupunguza mapigo, usidhani anaudhoofisha moyo. Anaupa nafasi ya kupumua.

Halafu moyo hauna akiba. Mwili kwa jumla, mtu akiwa ametulia, hutumia kama robo tu ya oksijeni iliyomo kwenye damu. Msuli wa moyo unachukua karibu robo tatu hata ukiwa umepumzika. Ukihitaji zaidi, njia iliyobaki ni kuletewa damu nyingi zaidi, na kama ateri imesinyaa haiji. Ndiyo maana maumivu huanza mtu akipanda ngazi na kupoa akikaa. Yakija amekaa, au yakigoma kupoa, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi.

Kuhusu aliyesema damu inayorudi ni ya bluu: nawatoa wagonjwa damu ya vipimo kila zamu, sijaona ya bluu. Ya kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ni nyekundu iliyokolea, karibu na zambarau, na lazima uivute. Ya kwenye ateri ya kifundo cha mkono, pale unapopimia mapigo, inang'aa, nayo hupanda yenyewe kwenye bomba la sindano kwa kurukaruka, ikifuata mapigo. Ubluu ni wa mwanga kupita kwenye ngozi.

Swali la pili. Moyo hausukumi damu ya miguuni hadi juu kwa nguvu zake peke yake, maana ikishapita kwenye kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa, shinikizo limebaki dogo mno. Vena za miguu zina vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, na msuli wa nyuma ya mguu, chini ya goti, kila ukitembea unaziminya na kuisukuma damu juu. Daktari Mwingereza William Harvey alionyesha kazi ya vali kama hizo, za mkononi, katika kitabu chake cha mwaka 1628, kwa kufunga mkono wa mtu na kubonyeza vena kwa kidole: damu ilikubali kwenda kuelekea moyoni, ikakataa kurudi nyuma. Hata leo nikifunga mpira juu ya kiwiko, vena huvimba upande wa kiganja, si upande wa bega, na vijinundu vidogo unavyoviona hapo mara nyingi ni hizo vali.

Kwa hiyo ukikaa kitini kutwa nzima na jioni viatu vikabana, pampu ya mguu haikufanya kazi. Chezesha vifundo vya miguu hapo hapo ulipokaa, kanyagia vidole, nyanyua kisigino. Ila uvimbe ukiwa wa mguu mmoja tu, una joto na unauma, usiuchezeshe wala kuukanda. Nenda ukapimwe, huenda ni damu iliyoganda.