Maswali na Majibu: Treni za Njano za Afrika Kusini

Kichwa cha treni ya umeme ya mjini kiko wapi? Mbona sikioni? (Morogoro)

Hakipo. Mota zimefungwa chini ya mabehewa yenyewe, kama kwenye Mchongoko mnayopigana vikumbo kuipiga picha. Hili nimeshalijibu mara tatu. La nne naenda kufungia maandazi.

Treni za njano za Metrorail ndizo hizo Gautrain? (Mwanza)

Sizo. Gautrain, treni ya kasi ya Johannesburg na Pretoria, ilianza 2010, upana wa reli yake ni milimita 1,435, na nauli yake mlalahoi haiwezi. Metrorail, treni za kawaida za abiria wa mijini, iko kwenye 1,067.

Zile za njano zilifanya kazi miaka mingapi, na uzee ndio uliozimaliza? (Tanga)

Jina lake la kiufundi ni 5M2A. Zilianza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nyingi katika kiwanda cha Union Carriage & Wagon mjini Nigel, na kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1980. Zilianza safari Mzungu na Mweusi wakipanda mabehewa tofauti; zikaiona siku Mandela anaapishwa; zikaendelea kubeba watu. Zikichoka zinarudi karakana, zinatengenezwa upya, zinatoka tena.

Kwa hiyo acheni kuusingizia uzee. Waya wa juu unaoipa treni umeme ni shaba: ukikatwa usiku, asubuhi treni nzima ni banda tu. Nyingine zilichomwa moto, Cape Town hasa. Mwaka 2019 njia ya treni ya Central Line ya jiji hilo ilisimama, mikataba ya ulinzi nayo ikakoma. Ikaja Korona ya 2020, watu wakafungiwa ndani, na wezi wakapata nafasi: vituo viling'olewa nyaya na mapaa. Langa na Philippi, vitongoji vya Cape Town, watu walijenga vibanda juu ya njia ya reli. Mnamlaumu mwizi peke yake, lakini mwizi ana mteja, na mteja ana mzani na leseni ukutani. Novemba 2022 ndipo serikali ilipopiga marufuku kusafirisha shaba chakavu nje. Wamechelewa mno.

Kwa nini Dar tusizinunue hizo zilizostaafu? (Gongo la Mboto)

Hata za bure msizipokee. Reli ya zamani ya TRC ni mita moja, SGR ni 1,435. TAZARA ndiyo ya 1,067, ila haina waya wa umeme hata wa kuanikia nguo. Tena hizo zinakula volti 3,000 za DC. SGR ni 25,000 za AC.

Mpya za bluu zitadumu? (Dodoma)

Ni X'Trapolis Mega. PRASA, shirika la serikali la treni za abiria, iliagiza 600. 20 za kwanza zilitoka Brazil, nyingine zinaundwa Dunnottar, jirani na Nigel. Ni treni nzuri, ila zinategemea waya uleule unaoibwa.

Na wewe wa Dodoma, ukiona mtu anachoma nyaya kando ya SGR ili apate shaba, usiniandikie mimi. Nenda polisi.