Nilimtafuta Mungu Kwenye Makesha, Nikamkuta Kwenye Beseni la Maji

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kayole aliniandikia: "Nimefunga, nimekesha, nimetoa. Mbona moyo bado mtupu?" Mwishoni akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa hajasemezana na dada yake tangu wamzike baba yao.

Nilisoma ujumbe huo mara tatu ndani ya matatu ya Umoja, nikajiona mwenyewe. Miaka minne sikukosa kesha la Ijumaa. Nilipanda mbegu, yaani sadaka ya kutarajia baraka, hadi pesa za kodi ya nyumba, na mchungaji akaniambia imani yangu ni haba. Neno hilo linaniuma hadi leo. Jumamosi nilikwenda Karen, Resurrection Garden, ile bustani ya sala, nikapita vituo vya Njia ya Msalaba kwa machozi, na mama mkwe akipiga simu naiacha ilie.

Mama huyo aliwahi kuniita mti usiozaa mbele ya wageni.

Kisha kiharusi kikamwangusha, upande wa kulia ukafa. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, mawifi kila mmoja na udhuru wake. Akaletwa kwangu. Nilimhudumia kwa hasira: kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumbadilisha daipa, kumnywesha uji wa wimbi kijiko kwa kijiko. Nilingoja aseme asante, au samahani. Hakusema.

Jirani yangu Mwislamu ndiye aliyenisimulia habari za Rabia wa Basra, mcha Mungu wa karne ya 8 aliyetaka kumwabudu Mungu si kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo, bali kwa kumpenda tu. Nilichukia kwanza, nikaona ananisema. Usiku nikafungua 1 Wakorintho 13, sura tunayoikumbuka harusini tu, nikamkuta Paulo akisema hata nikitoa mali zangu zote, kama sina upendo hainifaidii kitu. Mali zote! Na mimi nilikuwa nimezitoa kweli.

Asubuhi nilimwosha mama miguu polepole, kwa maji ya vuguvugu, bila kungoja lolote. Hakusema neno. Lakini fundo la miaka kifuani mwangu likalegea, nikalia pale sakafuni. Sijawahi kusali vile. Sasa ni miezi minane, na zipo siku natamani kumkumbusha alichonitamkia. Siku hizo naanza na miguu.

Wapendwa, acheni kukimbia huku na huku! Mpende aliye karibu nawe. Anayekuudhi ndiye hasa. Yohana ameandika kwamba Mungu ni upendo, basi mbona tunamtafuta kwa nauli? Sisemi ukae na mtu anayekupiga. Huyo mpende ukiwa mbali, mlango umefungwa. Lakini wengi wetu hatupigwi. Tumenuna tu.

Dada wa Kayole, kesha la Ijumaa hii liache. Mpigie dada yako. Asipopokea, piga tena Jumapili.