"Kindly revert": unarudi wapi?

Msomaji wa Nakuru anauliza hivi: bosi wake kila imeili anamalizia "kindly revert", akimaanisha nijibu, na jamaa wa meza ya pili anasema hicho si Kiingereza. Nani yuko sawa?

Wote, kidogo kidogo. Asili ni Kilatini, re- ni nyuma, vertere ni kugeuka, ndugu zake ni convert na divert. Uingereza revert ni kurudia hali ya mwanzo, mtu kaacha sigara halafu kazirudia, au shamba la lizi ya miaka 99, muda ukiisha linarudi kwa mwenyewe. Hiyo ya "nijibu" ni ya maofisini, India, Singapore, Malaysia na huku kwetu, Mwingereza akiisoma anajiuliza arudie hali gani. Mi nishachoka kubishana nayo, andikeni tu, ila "revert back" hapo mnarudi mara mbili kwa nauli yenu wenyewe.

Kinachoniwasha ni binamu yake, "I'll get back to you", aliyebebwa mzimamzima akatupwa kwenye Kiswahili: "nitarudi kwako". Jamani, kwako ni nyumbani kwako! Kuna ajenti wa bima alinipigia, tukaongea vizuri, akamaliza "sawa mzee, kesho saa kumi nitarudi kwako". Nikamwambia mama watoto, akakanda mahamri, vikombe vya wageni vikatoka kabatini, mi nikavaa kanzu iliyopigwa pasi nikakaa barazani, saa kumi ikapita, kumi na moja ikapita, magharibi inaadhiniwa ndo simu inalia, meseji: "Ombi lako bado linashughulikiwa." Basi huko ndo kurudi kwangu. Mahamri tumeyala siku mbili.

Wengine wanaifupisha, "nitakurudi", ndo wanaharibu kabisa. Kumrudi mtu ni kumtia adabu, mzazi humrudi mtoto mtukutu. Hata kitambaa kikifuliwa kikawa kifupi tunasema kimerudi. Sasa dada wa huduma kwa wateja, sauti laini kama asali, akiniambia "nitakurudi kesho", nabaki nawaza kosa langu nini, na je, ni kiboko au naenda kufuliwa mpaka nipungue.

Najua kuna mjuaji atanikumbusha kwamba kurudi kumetoka Kiarabu, na kule radd ni kurudisha na ni kujibu pia. Kweli kabisa. Ila sisi tulipolichukua, hilo la kujibu tuliliacha hukohuko, tukabeba jibu, Kiarabu vilevile, sasa mtu ana "nitakujibu" tayari mdomoni, silabi tano tu, anazunguka mpaka London kutafuta nini?

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nakuru, bosi mwachie revert yake. Siku akikwambia "nitarudi kwako", mwambie leo hatujapika.