Maswali yenu ya ala: kanuni, ile ala ya nyuzi, haishiki sauti jamani

Wiki hii nimechukua ya taarab tu. Ya "programu gani nzuri" nimeyafuta yote, msinitafute.

Udi una freti ngapi, vile vichuma vya shingoni kama vya gitaa?
Hauna. Hili ni la nne mwezi huu.

Mbona mpiga kanuni hatulii kwenye noti moja, anairudiarudia kama ana baridi?
Uzi wa kanuni ukishadonolewa sauti inakufa kabla hujameza mate, sasa noti ndefu ya kumlilia mpenzi ataitoa wapi? Ndo anaidonoa mbiombio kwa vidole vya shahada, risha za kudonolea zimebanwa na pete. Yale madoido si ya kuringia, anaziba kimya. Na siku ukikaa karibu naye tazama mkono wa kushoto: kila noti ina nyuzi tatu na pembeni vijichuma vya kunyanyua na kulaza, anavipekecha wimbo ukiwa unaendelea ili abadili maqamu, yaani mpangilio wa noti za wimbo, na hapo mkono wa kulia unabaki peke yake. Mtunzi anayejua anaziachia fidla zijibu. Asiyejua anamjazia noti halafu anasema wazee hawawezi!

Kinanda changu kina mlio wa udi ila hakinogi. Spika?
Spika haina kosa. Rast, moja ya maqamu, ukiianzia do, noti ya tatu iko katikati ya mi na mi flati, na kwenye kinanda hapo katikati hamna kitu, wakati kwenye udi kidole kinateleza tu kinafika. Kama chako kina sehemu ya kutyuni skeli, shusha mi na si senti 50, yaani robo toni. Ila ukishashusha usipige C meja, ile skeli ya kawaida ya do, itasikika kama redio inayoishiwa betri. Kwa maoni yangu taarab ya kisasa ililegea hapahapa, maqamu za robo toni hazikuchokwa na watu, zilikosa pa kukaa.

Nimetunga kwa kompyuta, mpiga akodioni anasema hakichezeki. Anaringa?
Anaishiwa upepo. Mivukuto ina mwisho, akifika lazima ageuze, we umemwandikia noti moja nzito ya baa kumi na mbili, kompyuta haihemi bwana. Imba kipande chako mwenyewe, unapovuta pumzi ndo ageuzie hapo. Na yule aliyeuliza kuhusu kukwangua vilimi vya ndani vinavyotoa sauti apate robo toni: ndiyo, ukikwangua nchani noti inapanda, shinani inashuka, lakini akodioni ya klabu usiiguse tafadhali.

Kanuni naweza kujifunza YouTube?
Kuipiga labda. Kutyuni nyuzi sabini na kitu, nenda Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Unguja, ukae chini na mtu.