Kabla Hamjamnyooshea Mjane Kidole

Wiki hii msomaji wa Tukuyu ameniandikia: kaka yake amekutwa amekufa kitandani, damu puani, mgongo umejaa mabaka ya zambarau. Ukoo umeshahukumu kwamba mke ndiye kamuua. Nilipoisoma barua hiyo mwili ulinisisimka, maana hayo yalitufika na sisi.

Baba mdogo alifia Makete, Julai, baridi kali. Mkewe, mama mdogo, alikuwa amelala msibani kwao; aliporudi asubuhi akamkuta. Kufika jioni walikuwa wanamwita muuaji kwa sababu ya mabaka ya mgongoni: "Huyu kapigwa!" Mimi ndiye niliyeng'ang'ania polisi waitwe na mwili uchunguzwe. Shangazi zangu wengine hawanisemeshi mpaka leo. Sijutii.

Daktari bingwa wa patholojia, yule anayepasua maiti kutafuta chanzo cha kifo, alitueleza taratibu. Moyo ukisimama, damu hushukia upande uliolaliwa, na baada ya saa 8 hadi 12 hivi mabaka hayahami tena. Mabegani na makalioni, palipokandamizwa na godoro, ngozi ilikuwa imepauka, hata mkunjo wa shuka umejichora. Fimbo haiachi alama namna hiyo. Alipochana kwenye baka, damu ilitoka mishipani ikaoshwa kwa maji. Ya jeraha huwa imeingia ndani ya nyama, haioshwi. Kisha akatuonyesha kucha na midomo: nyekundu ya kung'aa. "Chumbani kulikuwa na jiko?" Lilikuwepo, la mkaa, ila watu walishalitoa na kumwaga majivu. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sampuli ikaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu yakathibitisha kwamba ni gesi hiyo.

Na damu ya puani ya yule kaka wa Tukuyu? Mwili ukianza kuoza, gesi za tumboni husukuma majimaji mekundu yatoke puani na mdomoni.

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu, acheni kuhukumu kwa macho! Fungueni madirisha msije mkafa na ninyi, kisha msioshe mwili, msiondoe jiko, mwiteni mwenyekiti na polisi. Sisemi kila mjane hana hatia. Kama kanyongwa mtu, bingwa huyo huyo ataiona damu kwenye misuli ya shingo, hata kama ngozi ni safi.

Wewe wa Tukuyu, kama mmeshazika, polisi wanaweza kuomba kibali cha mahakama mwili ufukuliwe. Nenda kesho, kila siku inayopita inafuta alama.